Mtu Asiyejua Kupokea: Hatia na Mapenzi ya Michael Scofield

Wazee wetu mliokwisha kuketi mbele, mama zangu, na nyinyi vijana wa darasa la uandishi mlionialika hapa Kaloleni, hamjambo? Ukumbi huu umesikia hotuba nzito kuliko yangu. Humu watu walijadili siasa za uhuru kabla wengi wetu hatujazaliwa, kwa hiyo kusimama hapa nizungumzie mapenzi ya kwenye runinga, ya Michael Scofield wa tamthilia ya Prison Break, kunahitaji uso mkavu. Bahati nzuri ninao. Na nitaanza na pesa.

Dola 90,000. Kwa bei ya dola ya siku hizi hizo ni zaidi ya shilingi milioni 11. Ndizo pesa ambazo Lincoln Burrows, kijana wa Chicago asiye na mbele wala nyuma, alimkopa mhuni mmoja ili mdogo wake Michael Scofield apate kusoma. Hakumwambia. Alimdanganya kwamba ni pesa za bima ya maisha aliyoiacha mama yao. Michael akasoma, akawa mhandisi wa majengo, akavaa suti, akapanga nyumba nzuri mjini. Lincoln akabaki na deni. Deni hilo ndilo lililompeleka usiku mmoja kwenye jengo la kuegeshea magari, baada ya kuambiwa kwamba akimuua mtu fulani atasamehewa yote. Hakufyatua risasi, alikuta kazi imekwisha kufanywa. Lakini mtu mwenyewe alikuwa ndugu wa makamu wa rais wa Marekani, ushahidi ulikuwa umepangwa ukapangika, na Lincoln akahukumiwa kufa kwenye kiti cha umeme.

Mliotazama Prison Break mnajua yaliyofuata. Kwa ambao hamkuitazama, nisemeje? Ilianza kuonyeshwa na kituo cha Fox huko Marekani mwezi Agosti 2005, na haikukawia kufika River Road hapa Nairobi, imechomwa kwenye diski, msimu mzima ndani ya karatasi ya nailoni, inauzwa meza moja na chaja za simu. Watu walikesha nayo. Mtu alikuja kazini macho mekundu, ukimuuliza anasema alikuwa anaugua, na mezani kwake kuna diski ya msimu wa pili.

Hadithi kwa ufupi: Michael anaingia benki, anafyatua risasi darini, anangoja polisi. Anafungwa miaka mitano katika gereza la Fox River, gereza lile lile alimo kaka yake, na kwa kuwa kampuni aliyofanyia kazi iliwahi kushughulikia ramani za jengo hilo, ameichora ramani yote mwilini mwake kwa tatuu. Anataka kumtoa Lincoln kabla hajauawa.

Wengi walikumbuka ukuta, mabomba na tatuu. Mimi leo nimekuja kwa ajili ya Sara Tancredi, daktari wa gereza. Maana ukimfuatilia Michael kwa makini, utaona kwamba hakuna hata siku moja alipomjia mwanamke huyu akiwa mikono mitupu, hana anachomdai wala anachodaiwa. Alimpenda, sikatai. Lakini alimpenda kama mdaiwa, na chimbuko lake ni zile dola 90,000.

Hebu tukae kwenye pesa hizo kidogo.

Nani alimwambia Michael ukweli? Veronica Donovan, wakili, rafiki yao wa tangu utotoni na mpenzi wa zamani wa Lincoln. Tunaonyeshwa katika kipindi cha 16 cha msimu wa kwanza, kile kinachorudi miaka mitatu nyuma. Hadi siku hiyo Michael amemchoka kaka yake. Anamwona mlevi wa maisha, mtu wa kuharibu kila anachoshika, na yeye mwenyewe anajiona amejitahidi akafika. Veronica anamfumbulia: hakukuwa na bima yoyote. Umesoma kwa mgongo wa huyu unayemdharau.

Vijana wa uandishi, tazameni kilichotokea hapo. Lincoln alisema uongo makusudi ili atoe zawadi isiyomfunga mtu. Alitaka mdogo wake asome bila kuinamisha kichwa. Uongo ule ulikuwa sehemu ya zawadi, pengine ndiyo sehemu yenye thamani zaidi. Ulipofichuliwa, zawadi ikageuka deni papo hapo, na hakuna aliyeligeuza ila Michael mwenyewe. Lincoln hakumtumia ankara.

Sasa niwaulize, nani katika mji huu hamjui Michael? Elimu ya msingi ilifanywa bure mwaka 2003, lakini karo ya sekondari iliendelea kutafutwa, na ilitafutwa wapi? Kwa dada aliyeacha shule kidato cha pili akaja Nairobi kufanya kazi za nyumba. Kwa kaka aliyeuza ng'ombe wa mahari yake mwenyewe. Kwa kifungua mimba aliyeahirisha harusi mpaka wa mwisho amalize chuo, na wa mwisho alipomaliza, mchumba alikuwa amekwisha kuolewa kwingine. Nasikia mmeguna huko nyuma. Sitawaomba mnyooshe mikono.

Nadhani ndiyo maana tamthilia ile ilitushika hapa kuliko tamthilia nyingine za kutoroka na kufukuzana. Mzungu aliyeitazama kule kwao labda aliona akili ya mhandisi. Sisi tuliona mtu aliyesomeshwa na ndugu, na tulijua bila kuambiwa kwamba mtu wa namna hiyo haendi kuchumbia akiwa peke yake. Anakwenda na yule aliyemlipia karo amekaa begani.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli kwa duka. Kwa ndugu sina hakika. Utamlipaje dada yako ile miaka? Ukimjengea nyumba ya mawe atakushukuru, lakini kidato cha tatu hatakaa tena. Kwa hiyo mtu anaendelea kulipa, na kwa kuwa hakuna aliyetaja kiasi, hakuna siku atakayoambiwa basi, umemaliza. Mnaijua Fuliza, ule mkopo wa kwenye simu. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye simu yako, hata kama mama amekutumia ya kununua maziwa, inakatwa kwanza, wewe unabaki na kilichosalia. Ndivyo Michael alivyokuwa na mapenzi. Yakiingia, yanakatwa kwanza.

Turudi gerezani. Michael anahitaji kufika zahanati kila siku, kwa sababu zahanati ndiyo sehemu dhaifu ya jengo lote. Basi anajifanya mgonjwa wa kisukari. Anatumia dawa ya kuzuia insulini isifanye kazi, ili vipimo visimsaliti, na Sara anamdunga sindano siku baada ya siku kwa ugonjwa asiokuwa nao. Urafiki wao unaanzia hapo, juu ya mkono uliokunjuliwa na uongo. Kila anapomchekesha yule daktari, anajua anamtumia. Na kila anapojua anamtumia, anampenda zaidi kidogo. Mambo hayo mawili yanapanda pamoja, na mwandishi mvivu angeyatenganisha: mwanzo alimtumia, baadaye akampenda. Sivyo ilivyo. Kwa Michael kumkosea mtu ndiyo njia ya kuanza kumjali.

Mnataka ushahidi? Kumbukeni fujo za gereza, katika vipindi vya mwanzo tu. Michael anahitaji wafungwa wafungiwe bila kuhesabiwa ili apate nafasi ya kutoboa ukuta. Anaharibu mtambo wa kupoza hewa. Joto linapanda, wafungwa wanachafuka, gereza linawaka. Na Sara ananaswa ndani ya zahanati, wanaume wenye hasira wanabomoa mlango kumfikia. Michael anaacha kila kitu, anatambaa juu ya dari, anamvuta juu, anamtoa salama.

Ni tukio tamu kulitazama. Lakini moto ni wake. Anamwokoa mwanamke kutoka kwenye hatari aliyoiwasha mwenyewe saa chache kabla, na Sara anamshukuru kwa moyo wote kwa sababu hajui. Hiyo shukrani imeingia wapi kwa Michael? Imekatwa kwanza.

Halafu linganisheni na Nika. Nika Volek alikuwa mke wake halali, mwanamke kutoka Jamhuri ya Cheki aliyefunga naye ndoa ili apate karatasi za kuishi Marekani, naye akamsaidia mipango kutoka nje. Alikuwa mzuri, alikuwa jasiri, na ilionekana wazi kwamba moyo wake ulishaanza kumwelekea. Michael hakumtazama mara mbili. Kwa nini? Nika alikuwa amepewa chake. Makubaliano yalikuwa wazi, malipo yakatoka, hesabu ikafungwa. Hapakuwa na jeraha la kumrudisha kwake. Mimi nikiandika mhusika kama huyu, ningemfanya Nika awe mkubwa zaidi, kwa sababu ndiye anayetuonyesha kwamba Michael hampendi mtu ambaye yeye Michael hajamuumiza. Wao walimpitisha haraka.

Sasa mlango.

Mwishoni mwa msimu wa kwanza mipango imeharibika na Michael hana budi kumwambia Sara ukweli. Anamwomba jambo moja: auache mlango wa zahanati bila kufungwa. Sara ni binti wa gavana wa Illinois. Kabla ya hapo Michael alikuwa amemtuma Nika amwibie ufunguo, na Sara aligundua akabadilisha kufuli. Kwa maneno mengine, mlango ule ulikuwa umejaribiwa kuibwa, ukashindikana, ndipo ukaombwa.

Sara anakwenda, anasita, anarudi. Anauacha wazi. Kisha anakwenda nyumbani na kujidunga mofini, dawa aliyokuwa amepambana kuiacha, nusura afe. Wanaume wanatoroka. Yeye anapoteza kazi, anashtakiwa, na baada ya muda baba yake anauawa na kifo chake kinafanywa kionekane kama kajinyonga.

Ukimuuliza Michael nani alimfanyia Sara hayo yote, atasema: mimi. Katika msimu wa pili anabeba jambo hilo kila anakokwenda, anaomba msamaha, anatafuta namna ya kumwekea sawa maisha yake. Watazamaji wengi tulilia naye. Lakini mimi nasimama hapa kumtetea Sara, na utetezi wangu ni huu: mlango aliuacha wazi yeye. Alikuwa mtu mzima, daktari, anajua sheria, amepima akaamua. Aliamini kwamba mtu asiye na hatia anakwenda kuuawa, na akafanya alichoona ni haki. Kitendo kile kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufanya. Na Michael, kwa upole wote ule, kwa macho yale ya huruma, anamnyang'anya. Anakifanya kiwe kosa lake yeye Michael. Sara aliyeamua anageuka kuwa Sara aliyeharibiwa.

Mmeona jambo linajirudia? Lincoln alitoa zawadi, Michael akaifanya deni. Sara alitoa zawadi, Michael akaifanya deni. Hajui kupokea. Hapo ndipo ninapoutafsiri mwenendo wake wote wa mapenzi, na kama mna tafsiri nyingine tutabishana kwenye chai.

Nasikia mama mmoja anasema, “Si ndiyo mapenzi hayo? Mwanaume anayejua amekukosea?” Mama, swali zuri, na siwezi kulipuuza katika mji ambao wanaume wengi hawajui hata kusema pole. Ni afadhali Michael kuliko yule anayekuvunja mguu kisha anauliza kwa nini unachechemea. Mwanasaikolojia Helen Block Lewis aliandika mwaka 1971 juu ya tofauti ya hatia na aibu: mwenye hatia anatazama alichokitenda, mwenye aibu anajitazama mwenyewe na kuona yeye mzima ni mbovu. Waliofuata baada yake wameonyesha kwamba hatia ya kawaida ina faida, inamsukuma mtu kurekebisha. Sawa kabisa. Umevunja sahani ya mwenzio, unanunua nyingine, mnaendelea. Tabu inaanza pale kosa lenyewe halirekebishiki, au halikuwa lako tangu mwanzo. Hapo mtu anarekebisha, anarekebisha, na yule anayerekebishwa hapati kupumua.

Na ndani ya tamthilia hiyo hiyo yumo mtu anayejua njia nyingine. Ni Sara.

Kipindi kile cha 16 hakituonyeshi Michael peke yake. Kinatuonyesha pia Sara alipokuwa mtumwa wa dawa. Yuko barabarani na mwanaume wake, wamelewa dawa, mtoto mwenye baiskeli anagongwa na gari mbele yao. Yeye ni daktari. Anajaribu kumsaidia na mikono haimtii. Hilo ni kosa la kweli, na halirekebishiki. Sasa tazameni anachofanya nalo. Anakwenda kwenye mikutano ya watu wanaoacha ulevi, anakaa kwenye kiti cha plastiki miongoni mwa wageni, anasema. Huko ndiko anakokutana na askari jela Bellick, na kupitia kwake anasikia habari za kazi ya udaktari gerezani.

Mikutano ya namna hiyo ipo hata hapa Nairobi, na wanaoifahamu wanajua ina hatua 12 zilizotungwa na watu wa Marekani katika miaka ya 1930. Ya nane inakutaka uorodheshe watu uliowaumiza. Ya tisa inakutaka uwaendee uwatake radhi, ila pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza wao au wengine. Huo mstari wa mwisho ndio ninaoupenda. Yaani kuna radhi nyingine unayoiomba ili upate usingizi wewe, na gharama yake anailipa aliyeumizwa. Hatua hizo zinakuwekea mpaka. Michael hana mpaka. Sara amejifunza kulisema kosa lake kwa sauti mbele ya watu. Michael kosa lake amelichora mwilini, akalifunika kwa shati la mikono mirefu.

Sisemi Sara ni malaika. Daktari aliyeshindwa kumwokoa mtoto barabarani, akaenda kutafuta kazi mahali penye mamia ya wanaume wanaohitaji kuokolewa, kisha akampenda yule anayehitaji kuokolewa kuliko wote, naye ana hesabu zake. Wawili hawa wananusana. Lakini Sara akikosea anasema nimekosea, na akitoa anasema nimetoa. Kwa mhusika wa tamthilia ya kufukuzana hilo ni jambo adimu.

Mwisho wa msimu wa pili wanakutana Panama. Lincoln ameshasafishwa jina. Sara ameachiliwa na mahakama. Kuna bahari, kuna mashua, kwa mara ya kwanza hakuna anayedaiwa. Waandishi wangeweza kufunga pazia pale. Anatokea jasusi aitwaye Kim na bastola, na Sara anampiga risasi kuwaokoa wale ndugu wawili. Polisi wanafika. Michael anajitoa mbele, anasema ni yeye. Anachukua kesi ya Sara, anatupwa gereza la Sona.

Nimewauliza watu wengi kuhusu tukio hili, na karibu wote wanaliona kilele cha mapenzi yake. Mimi naliona kwa jicho jingine. Mtu huyu ana njaa ya hatia kiasi kwamba akiikosa yake anachukua ya mwenzake. Na tena Sara ndiye aliyeamua, ndiye aliyefyatua, na tena kitendo chake kinahamishwa jina. Sikiliza, labda mimi ningefanya vivyo hivyo. Nani angemwacha mpenzi wake achukuliwe na polisi wa nchi ya kigeni? Ila mwandishi hatazami jambo moja, anatazama mara ya ngapi.

Msimu wa tatu nitaupita mbio. Sara anatekwa, Lincoln anaona sanduku lenye kichwa, tunaambiwa amekufa. Msimu wa nne yuko hai. Kama mwandishi nasema ilikuwa aibu. Kama mtazamaji nilishangilia.

Nataka nifike kwenye ile hadithi ya kumalizia ya mwaka 2009, kwa sababu huko ndiko hesabu inakofungwa. Sara na Michael wameoana. Siku ya harusi yenyewe Sara anakamatwa kwa kumuua mama yake Michael, Christina, ambaye Sara alimpiga risasi ili kumwokoa Michael. Anafungwa Miami akiwa mjamzito, na ndani wanataka kumuua. Michael anapanga kumtoa. Wanafika mwisho wa njia, na kilichobaki ni mlango mmoja. Hautafunguka bila mtu kugusanisha nyaya za umeme, na atakayezigusanisha hatapona. Michael anamwambia Sara atangulie.

Mlango! Mwanamke alimwachia mlango wazi mwaka ule, na yeye anakufa akimfungulia mlango. Sijui kama waandishi walikusudia, na sijali. Deni limelipwa kwa sarafu ile ile lililokopwa nayo. Kweli alikuwa mgonjwa tayari, uvimbe kichwani, siku zake zilikuwa zinahesabika, na video aliyoiacha inalieleza hilo. Lakini angalieni alichokichagua kufanya na siku zilizosalia. Mke ana mimba. Kwa mara ya kwanza kuna nyumba, kuna mtoto anakuja, kuna maisha ambamo kazi yake ingekuwa kukaa tu na kupendwa. Hakuwahi kuandikiwa tukio hata moja la namna hiyo. Tukio la Michael Scofield mezani, anakula, Sara anampakulia, hana cha kufanya. Mimi nadhani asingeweza. Angeinuka kutengeneza bomba.

Mwaka 2017 wakamfufua, maana biashara ni biashara. Tukaambiwa hakufa: alikubali kutoweka, akamfanyia kazi mtu aitwaye Poseidon, ili Sara na Lincoln wabaki huru. Miaka saba. Sara akamlilia, akamzika, akamlea mtoto, akaolewa na mwanaume mwingine, ambaye ndiye huyo huyo Poseidon. Yaani Michael alilipa kwa ajili ya Sara kwa miaka yote ile bila Sara kujua, kama vile Lincoln alivyomlipia yeye karo bila yeye kujua. Amekuwa kaka yake. Kitu kilichomuumiza kuliko vyote, kugundua kwamba mtu aliumia kwa siri kwa ajili yake, ndicho alichomfanyia mwanamke anayempenda. Na hakuna mtu katika hadithi nzima anayemwambia hivyo usoni.

Hapo ndipo ninapowageukia nyinyi wa darasa la uandishi, wengine mtanivumilia dakika chache.

Tamthilia zetu za jioni zimejaa watu wenye hatia. Mtu ametelekeza mtoto, ameiba shamba la marehemu, amemsingizia shemeji. Lakini hatia zetu zinangoja kufichuliwa tu. Kuna bahasha ya vipimo vya damu, kuna mtu amejificha nyuma ya mlango anasikiliza, bahasha inafunguliwa, muziki, matangazo. Ikishafichuliwa imekwisha kazi, tunatafuta nyingine. Ninachotaka mjifunze kwa huyu Michael ni kwamba hatia ilifichuliwa mapema, mtazamaji anaijua, na bado inaendelea kuamua. Inaamua amtazame nani na asimtazame nani. Inaamua akipewa kitu akipokeeje. Mkimjenga mhusika, msiniambie ana siri gani. Niambieni akiletewa chakula na mtu anayempenda anafanya nini na mikono yake.

Na msimfanye asamehewe kwa hotuba. Najua mnaupenda ule mkutano wa ukoo, mzee anasimama na bakora, anatamka msamaha, wote wanakumbatiana. Huku kwetu mtu anaweza kusamehewa na ukoo mzima, akachinjiwa na mbuzi, akarudi Umoja usiku ule ule akiwa na deni lake vile vile, kwa sababu aliyekuwa akimdai hakuwepo kwenye kikao. Alikuwa ndani ya kichwa chake.

Basi kazi yenu ni hii. Andikeni tukio moja, kurasa mbili, msizidishe. Sebule ya Buruburu, Jumapili alasiri. Kijana aliyesomeshwa na dada yake amemleta mchumba kumtambulisha. Dada anajua kwamba mdogo wake aliambiwa majuzi pesa za chuo zilitoka wapi hasa. Mchumba hajui lolote. Hakuna mtu anayeruhusiwa kutaja pesa, hakuna anayeruhusiwa kusema samahani wala asante, na nikiona bahasha narudisha karatasi bila kusoma. Nataka kuona tu dada anapomwongezea yule kijana nyama, na anachofanya mchumba akiona kijana hawezi kuila.

Mniletee Alhamisi. Mkiandika kwa mkono, mwandiko uonekane. Chai iko nyuma pale, na huyo mama aliyeniuliza swali naomba ahudumiwe kwanza, bado tuna ubishi wetu.